Misumeno Mitatu ya Issack

Mume wangu Wesley hakuwa bahili, na ndiyo maana nilikasirika vile. Mume bahili unamzoea, unapanga maisha yako kando ya ubahili wake. Lakini huyu alikuwa seremala wa kurudia mlango mzima kwa sababu bawaba moja imelia. Sasa mtu wa namna hiyo anasimamaje dukani, hapa Migori mjini, na kuchagua msumeno wa umeme ulio mbaya kuliko yote?

Issack mwenye duka alituwekea mitatu juu ya kaunta. Kwa mfanyabiashara, Issack hana uongo mwingi. Wa kwanza ulikuwa mpya, wa bei ya chini, gamba lake la plastiki jekundu likimetameta kama peremende. Alisema mota yake hupata moto upesi, na ukiulazimisha hautamaliza mwaka. Wa pili ulikuwa umetumika ng'ambo. Fundi wake aliufungua, akabadilisha beringi na kaboni za mota, akaupaka rangi. Alidai ni mzuri, ila siri ya mtungi aijuaye kata. Wa tatu ulitoka Ujerumani, mzito, na kinga ya chuma juu ya meno. Huo, alisema, utakaa miaka ishirini na mtoto wenu ataurithi.

Pesa zilikuwepo. Nilikuwa nimeuza ng'ombe niliopewa kwetu Sindo, nia yangu ikiwa ule wa tatu. Kabla ya hapo daktari alikuwa amemwambia Wesley kwamba moyo wake umepanuka na hautarudi ulivyokuwa. Mimi sikutaka kusikia. Niliwaza hivi, na sioni haya kulisema: mwanamume mwenye msumeno wa miaka ishirini hawezi kufa leo wala kesho. Wengine waliomba kanisani. Mimi niliomba kwa ule msumeno.

Wesley aliushika ule wa Ujerumani, akauwasha, akausikiliza, uso wake ukalainika. Kisha akauweka chini, akasema tufungiwe ule mwekundu.

Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe mbele ya muuza duka. Issack aliinama akajifanya anatafuta kamba. Nyumbani nilimwandalia chakula, nikatoka kukaa nje. Alinifuata polepole, miguu imevimba, akakaa kando yangu.

"Nyar Sindo," akasema, yaani binti wa Sindo, maana hivyo ndivyo alivyoniita akitaka nitulie, "ile nzuri watakuja kuichukua baada ya matanga."

Nilijua ni akina nani. Kwao, upande wa Oyugis, mtu akifa ndugu zake hugawana vifaa vyake vya kazi, na mjane huambiwa ataangaliwa. Wesley mwenyewe alirudi kutoka matanga ya kaka yake akiendesha baiskeli ya marehemu.

"Hata hiyo ya mtumba wataibeba," akaendelea. "Hii ya plastiki hakuna mwanaume ataitaka. Itabaki na wewe."

"Na mimi nitafanyia nini msumeno?"

"Kazi. Nitakufundisha."

Nililia, nikamwambia anajizika akiwa hai. Asubuhi nikafunga leso kiunoni, tukaanza.

Alinifundisha kuuongoza bila kuusukuma, niyaache meno yakate yenyewe. Tukipasua mbao chache, mota inanuka, tunauzima, tunakaa juu ya mbao kungoja upoe. Hapo na yeye alipata pumzi. Mwanzoni tulikuwa tunaungoja msumeno. Kufikia mvua za masika tulikuwa tunamngoja yeye. Majirani walipita wakicheka, eti Dorine amekuwa fundi, nami niliwajibu kwa mdomo huu huu mnaoujua. Nilipotengeneza kitanda changu cha kwanza, Wesley alikikalia pembe zote nne. Hakikulia. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikajua kwamba hiyo ndiyo shughuli aliyokuwa akiimaliza.

Tulimzika kwao Oyugis. Baadaye shemeji zangu walikuja Migori na pikapu, wakiongozwa na Tony, mdogo wake. Walikuwa wapole, walinipa pole tena. Wakabeba meza ya kazi, jiriwa, randa zote, hata vigingi alivyochonga mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono.

Mwishowe Tony aliokota msumeno. Akaugonga gamba kwa ukucha, pale lilipokwisha kupasuka, akatazamana na mwenzake.

"Hii ni ya watoto," akasema. "Achia shemeji."

Akauweka chini, karibu na miguu yangu, wakaenda zao.

Wesley alikuwa amepatia kila kitu. Mimi na yeye tulibishana tangu siku ya kwanza ya ndoa, na mara nyingi nilimshinda. Mabishano yote hayo ningemwachia ashinde, nishinde hili moja tu, la kwamba hafi.