Shahidi wa Kiti cha Pazi

Mwaka halmashauri zilipofufuliwa, ile ya Kisarawe ilifufuka mikono mitupu. Madiwani walikutana wakiwa wima, mikutano ikawa mifupi, na wananchi wakaupenda mtindo huo. Ilipoamuliwa kununua viti, ikapitishwa kanuni: fundi wa wilayani kwanza, Dar es Salaam baadaye, mradi fundi alete mteja wake wa zamani, asiye ndugu, amtolee ushahidi.

Pazi seremala alifurahi, kisha akanywea. Kisarawe nzima, nani asiye ndugu yake? Wasio wa kwa baba ni wa kwa mama, na waliobaki wameoa kwao. Mteja pekee asiyehusika alikuwa Mihayo, bwana mifugo, Mnyamwezi. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Mtani hakusifu mbele za watu. Akikusifu amekuvunjia heshima.

Lakini afanyeje? Karakana yake ilikuwa haijapata kazi ya maana tangu masika. Kazi hii ikienda Dar, angefunga mlango akalime mihogo, na mihogo haikuwahi kumpenda.

Basi Mihayo akaja na kiti chake kichwani, akakitua mbele ya Bi Swaumu, ofisa manunuzi aliyehamia juzi kutoka Lindi, akakikalia.

"Mama, hiki si kiti, ni adhabu," alisema. "Huyu Mzaramo kushika nyundo hajui. Ng'ombe wakikiona hiki wanakata maziwa."

Bi Swaumu akaandika. Pazi jasho likamtoka.

"Mama, huyo ni mtani wake," Kitwana muuza kahawa alidakia kutoka mlangoni.

"Na wewe ni nani?"

"Binamu yake Pazi."

"Basi kaa chini."

Kitwana akaangaza huku na huku. Hapakuwa na pa kukaa.

"Viti vitatoka Dar," Bi Swaumu alisema. "Na hicho, kwa usalama wa watu, kipelekwe kwa mama ntilie kikachemshiwe chai."

Wahudumu wawili wakakishika. Mihayo akakikumbatia kwa mikono na miguu, wakamnyanyua naye, wakazunguka chumba wakihema.

"Kibovu, kinatia aibu," alipiga kelele, "lakini mtanikata mikono kwanza."

Wakachoka, wakamwachia. Kiti kikatua kwenye saruji na Mihayo wake, pu, bila hata kulia.

Bi Swaumu akainama akakitikisa. Hakikutikisika. "Kama ni kibovu, mbona hukiachi?"

Mihayo akatazama sakafu. "Mama, mgongo wangu uliumia zamani. Kiti kingine chochote nikikikalia, usiku silali. Hiki tu ndicho kinachonipumzisha."

Akashtuka, akajiziba mdomo. Alikwisha kumsifu Mzaramo hadharani.

Bi Swaumu akachana karatasi yake, akaagiza viti vya ukumbi mzima. Kitwana akapiga kigelegele, ingawa ni mwanamume.

Miaka yote ile Pazi hakujua habari za mgongo. Alitaka kumshukuru, lakini angemwongezea aibu. Akamsogelea.

"Ondoka kwenye kiti changu, Mnyamwezi wewe," alisema. "Unakichafua."

Mihayo akashusha pumzi, akamshika mkono, asiuachie.