Amina ya Misungwi

Mwinjilisti Wilhelmina Shigela alikuwa amehubiri miaka ishirini na miwili, na vitabu vyake viwili vya maombi vilisomwa kuanzia Buswelu hadi visiwa vya ziwani. Cha tatu ndicho kilichomkosanisha na kanisa lake.

Sura ya saba ilisimulia mkutano wa injili uliofanyika kwenye uwanja wa gulio, Misungwi. Mchungaji mgeni alimnyooshea kidole mjane mmoja, Bibi Odeta, akasema ni mchawi, na macho yake mekundu ndiyo yanayoua watoto pale kijijini. Macho yale yaliharibiwa na moshi wa kuni tu, miaka sitini ya kupika. Lakini umati uliitikia amina, na wiki haikuisha, watu wakamvamia bibi nyumbani kwake wakamkata mkono kwa panga.

Askofu Revocatus alimwita Wilhelmina ofisini. Hakumgombeza. Alimkaribisha chai, akakisifu kitabu, kisha akamwomba aitoe sura hiyo moja, maana ingelivua kanisa nguo mbele ya watu.

"Sikumwandika mchungaji peke yake, Baba Askofu," Wilhelmina alisema. "Nilikuwa jukwaani siku ile, nami niliitikia amina. Sura hiyo ni toba yangu. Siitoi."

Askofu akamwambia kwamba kitabu kikitoka hivyo, asitegemee kusimama tena madhabahuni.

Kitabu kikatoka hivyo hivyo.

Barua ya kumsimamisha ilisomwa Jumapili, mbele ya watu aliowaombea wagonjwa wao. Aliisikiliza akiwa amesimama, ili kila mtu amwone. Wapo walioacha hata kumsalimia wakikutana naye stendi ya Buzuruga.

Ndipo akaenda Misungwi. Bibi Odeta hakujua kusoma, kwa hiyo alimsomea sura nzima pale uani, pamoja na ile amina. Bibi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo kwa mkono uliobaki.

"Umeandika kweli," alisema baadaye. "Ila unanisomea mimi, na mimi nilikuwepo. Kawasomee wale walioitikia."

Siku ya gulio wakaenda wote wawili kwenye uwanja uleule. Wilhelmina alipanda juu ya kreti la soda, bila kipaza sauti, akaanza kusoma. Wakamzomea. Bonge la udongo likampiga begani. Akapangusa ukurasa, akaendelea. Bibi Odeta alisimama kando yake bila kujitanda khanga usoni, akiwatazama mmoja mmoja kwa macho yale yale. Wengi waliondoka. Muuza dagaa mmoja akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata yeye aliitikia siku ile. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema vivyo hivyo, akilia.

Barua ya askofu haijafutwa mpaka leo, na Wilhelmina hajaomba ifutwe. Kila gulio anahubiri pale uwanjani, na anayefungua kwa sala ni Bibi Odeta.