Chunjua ya Hakimu Thorley

...na ni yeye, bila wigi lakini ni yeye, tumbo lile halina pacha London nzima, Hakimu Thorley kasimama nje ya kioo cha duka katikati ya wachukuzi wa makaa na wauza chaza, anaitazama picha inayomkejeli, na Ned Tranter aliyeichora yuko ndani nyuma ya pazia, kakumbatia bamba lake la shaba kama mwizi wa kuku, shujaa huyo, simba wa kalamu... aliyetangulia kumchora Thorley yuko gerezani mwaka wa pili sasa, na mlango wa nyuma uko hatua sita tu, lakini Bi Pell mwenye duka kauziba kwa mwili na kikombe chake cha chai, ananong'ona kwamba atulie, chunjua ya Hakimu iko shavu la kushoto, ya pichani iko la kulia, nani atafungwa kwa chunjua ya kulia? na kweli, kosa ndilo ngao, miaka ishirini anachonga shaba na safari hii akasahau kwamba karatasi ikigandamizwa kwenye bamba hugeuza kila kitu, uchonge kinyume ndipo itoke sawa, yeye akachonga sawa ikatoka kinyume, kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza, hasira hizo, alikuwa ametoka mahakamani, Tabitha Crewe, dobi, kaiba mkate mmoja, kahukumiwa miaka saba ya uhamisho ng'ambo, na Hakimu anahukumu huku anatafuna biskuti... "Sogea, mzee, na sisi tuone," mchukuzi anamwambia Hakimu bila kumjua, "chunjua hiyo si unatundika kofia kabisa," na kicheko, wiki nzima wanacheka chunjua, hakuna aliyemwona Tabitha kule chini pichani, pembeni mwa sahani ya Hakimu, anapakwa siagi kama mkate, mdogo kama siafu, na kosa la nani, Ned, chunjua umeipa ukubwa wa yai, mwanamke ukampa wa punje... sasa Hakimu anavua kofia, anasogea hadi pumzi inatia ukungu, anagusa shavu lake la kushoto, na upande wa nje wa kioo, Ned anajua bila kuona, kivuli cha uso wake kinaelea juu ya uso wa picha, chunjua juu ya chunjua, pale pale, Mungu wangu, kila asubuhi akinyolewa mbele ya kioo huyu mtu hujiona hivi hivi, kinyume, London nzima inaweza kuapa si yeye isipokuwa yeye mwenyewe... "Akiingia, sema si yeye," Bi Pell anasema, "umenisikia, Ned? Si yeye"... na kidole cha Hakimu kinashuka juu ya kioo, kidevu, tumbo, sahani, kinafika pembeni, kinasimama juu ya Tabitha, hakiondoki, mtu mmoja tu mtaa mzima amemwona na ndiye huyu, loo, na ule uongo uliokuwa tayari mdomoni Ned anautafuta haupo... akiingia nitamwambia ni wewe, Mheshimiwa, na huyo unayemgusa anaitwa Tabitha, nitasema hivyo, sauti itatetemeka lakini nitasema... Bi Pell bado kaziba mlango, nje bado wanacheka, kengele ya mlango haijalia, na kidole kipo pale pale.