Picha za Marehemu

Arobaini ya Hasina, mwanamitindo wa Msambweni, ilikuwa haijafika wakati Linet wa wakala wa wanamitindo alipompigia simu Maxwell, mpiga picha wa Ukunda, akizitaka picha za marehemu kwa kalenda ya hoteli.

“Mkataba aliutia sahihi mwenyewe, Max. Ukininyima, kazi zangu zisahau.”

Maxwell alikuwa hoi kwa miaka ya kubembeleza mawakala. Hata hivyo alikwenda kumwuliza mama wa Hasina, kama alivyozoea kabla ya kila picha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Alimsikiliza hadi mwisho. “Mwacheni apumzike. Asitundikwe kwenye kuta za walevi.”

Maxwell alirudi, akampigia Linet.

“Mama amekataa, dada. Sitazitoa.”

“Basi tusijuane.”

“Haya.”

Aliweka simu, akaketi palepale, hana nguvu hata ya kuvua viatu.