Wimbo wa Mwali Kwenye Kijiti cha Maestro

Haula alikuwa akikuna nazi, Ijumaa asubuhi, gari la kampuni ya gesi lilipomshusha Mwitaliano uwanjani Palma. Alikuwa maestro Ottavio Brandolini, mzee mashuhuri wa kuongoza wapiga muziki, na midomo iling'aa mafuta ya kamba wa kukaanga aliolishwa kambini.

Mkalimani Cândido akasoma sifa zake. Maestro ni mtoto wa mwoka mikate. Ujanani alinyanyua kijiti cha kuongozea nyimbo mbele ya waokaji wa mji wao, na tangu siku hiyo waokaji wale hawaimbi. Akaitwa miji mikubwa, na kila alikopita wimbo mmoja uliondoka naye. Kuna kanisa kengele zake zinapigwa kimya mpaka leo. Wakubwa wa kampuni wakapiga makofi.

"Anataka wimbo ambao hajawahi kuusikia," Cândido akawaambia wanawake.

Bibi Nazira, kungwi, akachagua wimbo wa kumtoa mwali nje, ule usiosikiwa na mwanamume.

"Bibi, kesho namtoa Zuleha wangu," Haula akanong'ona. "Huo si wa kuimbiwa midevu."

"Hawajui Kiswahili hawa, mwanangu. Kwao sisi kuku tu."

Cândido, anayekijua, akatiwa pamba masikioni.

Maestro akalamba kidole, akanyanyua kijiti. Wanawake wakaimba, sauti zikatoka vinywani nyuzi nyuzi, zikajizungusha kijitini mpaka kikanenepa kama gunzi. Akakifuta, akakitia kwenye kasha, akambinya Bibi Nazira shavu kama anayechagua papai. Haula akatema mate kando.

Kesho yake Zuleha akatolewa, kanga mpya, mafuta kichwani. Wanawake wakafungua vinywa, ukatoka upepo mtupu. Nyimbo nyingine zote walikuwa nazo. Mwali asiyeimbiwa huo hajatoka, basi wakamrudisha ndani.

Alikaa humo hata mvua zikakatika, ndipo Cândido akaleta simu. Wimbo ulikuwemo, kutoka ukumbi wa Milano, watu wa suti nyeusi wamesimama wakishangilia. Haula akaisikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake.

"Simu hii hii ndiyo itamtoa mwali," akasema Bibi Nazira, akaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa.

Kwanza likapita tangazo la kampuni, mwanamume akisifu gesi. Haula akamziba bintiye masikio mpaka likaisha, ndipo vigelegele vikapigwa.

Siku hizi mwali hutolewa mtandao ukiwepo, na kila kungwi hutembea na pamba.