Eda ya Kipupwe

Kipupwe cha mwaka ule wa hamsini na tano kiliingia Msambweni na ubaya wake. Upepo wa kusi ulianza kuvuma alfajiri, ukapenya makuti, ukapenya leso, ukafika mwilini. Kila mtu alipauka. Watoto walikwenda chuoni magoti meupe kama waliopiga magoti kwenye jivu. Wanawake wakachemsha mafuta ya nazi, wakatia asumini na karafuu kama ilivyo ada, wakajipaka asubuhi na jioni, na mtaa mzima ukanukia. Nyumba moja tu haikunukia, nayo ilikuwa ya Bi Mwanatumu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mwanamke mwenye eda.

Mwanamke huyo alikuwa Chiku, mkaza mwana wake. Matano, mume wa Chiku, alikufa kwa homa masika yalipoanza, na mjane akavishwa nguo nyeupe, akakalishwa ndani miezi minne na siku kumi. Hina hapana, wanja hapana, uturi hapana, mafuta hapana. Bi Mwanatumu ndiye aliyempa masharti hayo, na hakuna aliyembishia, maana kwa mambo ya eda wanawake wote wa pale walikuwa wakija kwake. Kila siku ilipokwisha alichomeka njiti moja kwenye makuti juu ya mlango. Sasa zilikuwa tisini na moja.

Bi Mwanatumu alikuwa amechoka. Tuseme kweli, alichoka tangu siku ya mazishi, na uchovu wenyewe haukuwa ule wa kulala ukaisha. Kuteka maji, kupika, kumtazama mkwe, kuwajibu watu wanaotoa pole kwa mdomo huku macho yakichungulia kama eda inakaliwa sawasawa. Mwana alikuwa na mmoja tu. Alilobakiwa nalo la kumfanyia lilikuwa eda hiyo, na aliapa itakaliwa bila dosari.

Asubuhi hiyo aliona damu kwenye mkeka wa kusalia, pale Chiku aliposimamia. Akaifuta kwa kitambaa cha maji, akaukunja mkeka.

Adhuhuri akaingia jikoni, akamkuta Chiku bado amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Tui lilikuwa limeshakamuliwa. Chicha kilichobaki alikuwa amekishika kiganjani, anakisugua kisiginoni polepole, amefumba macho. Kisigino kilikuwa kimepasuka magaga mekundu, moja refu kuliko kidole.

"Wafanyaje, Chiku?"

Chiku alishtuka, lakini mguu hakuuficha. "Naweka chicha, mama. Miguu yaniuma, hata kusimama kusali siwezi."

"Na chicha si kina mafuta?"

"Kidogo, mama."

"Mume wako hajamaliza miezi minne kaburini, nawe wajisugua kama bi harusi!"

Neno lilipomtoka alijua limezidi, ila alikuwa mwanamke asiyejua kurudi nyuma. Machozi yalimlenga Chiku.

"Sikutaka urembo, mama. Nataka kutembea tu. Nenda kamuulize Mwalimu Suleiman wa chuoni. Akisema ni haramu sitagusa tena, hata nikitambaa."

Bi Mwanatumu akajitanda buibui akatoka papo hapo, kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake. Alikwenda akichechemea. Miguu yake yeye pia ilikuwa na magaga, ya miaka thelathini, tangu eda yake mwenyewe, nayo iliangukia kipupwe vilevile. Wakati ule visigino vilipasuka hadi akawa anakwenda chooni kwa magoti, na marehemu mamavyaa wake, mama wa mumewe, akimwambia avumilie, ndizo thawabu hizo. Magaga hayakuziba tena. Kila kusi ikivuma yalifunguka upya, naye hakumlalamikia mtu. Kimoyomoyo alikuwa akiyaringia.

Mwalimu Suleiman alikuwa barazani kwake. Alikuwa rika moja na Matano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamweleza yote, pamoja na chicha, akisubiri kuungwa mkono.

Mwalimu alifikiri kidogo. "Kilichokatazwa ni manukato na pambo, mama. Na kichwani asitie mafuta. Lakini mafuta matupu, yasiyo na harufu, kwenye kisigino kilichopasuka, hayo hayana neno. Hiyo ni dawa."

"Matupu?"

"Yasiyotiwa asumini wala karafuu."

Maisha yote ya Bi Mwanatumu mafuta ya kujipaka yalikuwa na asumini. Mamavyaa wake alikataza mafuta kwa ajili ya harufu, naye akakataza vilevile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba maua yangeweza kuachwa nje ya sufuria.

Njiani alikaa juu ya gogo. Nani angejua? Chiku hatoki, na zimebaki siku thelathini na tisa tu. Akimwambia ni haramu, itakuwa haramu, na mateso ya miguu yake yeye yatabaki na thamani yake. Alimkasirikia marehemu mamavyaa wake, akamwombea maghufira, kisha akamkasirikia tena.

Alipofika, Chiku alikuja kumpokea mlangoni, akikanyaga kwa ubavu wa nyayo. "Amesemaje, mama?"

Neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Bi Mwanatumu akaitazama ile miguu.

"Lete nazi mbili," akasema.

Wakakuna, wakakamua, tui likachemka hadi mafuta yakajitenga. Mkono wa Bi Mwanatumu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la karafuu, akaurudisha. Mafuta yalipopoa aliketi chini, akauchukua mguu wa Chiku, akaanza kuupaka.

"Kumbe yaruhusiwa?" Chiku akauliza.

"Yaruhusiwa."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Na njiani nilitaka kukudanganya."

Chiku aliinua macho akazitazama zile njiti juu ya mlango. "Siku tisini na moja, mama. Na damu yangu uliiona."

"Niliiona." Hakutafuta udhuru. Baadaye kidogo akasema, "Nami niliambiwa hivyo hivyo. Siku zote zile, mwanangu, sikuuliza."

Chiku akauvuta mguu wake. Bi Mwanatumu alidhani anaondoka, na asingemlaumu. Lakini Chiku alilivuta bakuli la mafuta upande wake.

"Nipe wako, mama."

"Wangu umeshakufa huo, uache."

"Nipe."

Akampa. Vidole vya Chiku viliingia kwenye magaga ya miaka thelathini, na mafuta yaliwasha kama moto. Bi Mwanatumu hakuwahi kumlilia Matano mbele ya watu, maana kila mtu alimwambia asubiri, avumilie. Sasa alilia kwa sauti, mguu ukiwa mapajani mwa mkwewe. Chiku hakumwambia asubiri. Alichovya vidole tena, akasema, "Na huo mwingine."