Folda za Marehemu

Haya, fumbua hiki: nyumba yangu haina mlango, vyumba vyangu havina kuta, na wapangaji wangu huhamishwa kwa kidole. Umeshindwa? Ni mashine ya gemu yenye programu ya kupanga mafaili.

Fundi wa mashine hizo alikaa kibandani kwake mchana, bisibisi mdomoni. Alizifungua ili zikubali programu zilizokataliwa na kiwanda, kisha akazitilia hiyo ya kupangia mafaili. Ukiiwasha, kwanza linawaka jina la fundi, kubwa kama bango.

Mjane wa kaka yake aliingia na kikombe cha chai, akavuta stuli. Tangu msiba, jina lile alikuwa akilitazama kwa jicho la pembeni.

"Shemeji, programu hii aliiandika nani?"

"Vumbi la leo limezidi," fundi akasema, akapuliza meza isiyo na vumbi.

"Mwanangu anataka kuona kazi ya baba yake. Nimwonyeshe nini, kaburi?"

"Shemeji nawe! Jina si unalisoma?"

"Nalisoma. Basi wewe mwenye jina, nionyeshe folda zilizofichwa. Marehemu alikuwa hafuti kitu bila kuficha nakala."

Fundi akashika pedi ya kuchezea, akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Wapi!

"Mashine imechoka."

"Imechoshwa na nani?"

Hapo mikono miwili ikatoka kwenye skrini mpaka viwikoni, kidole gumba kina kovu la kuungua kwa kulehemu. Mjane akaitambua kuwa ya mumewe, akasogeza kikombe kisije kikamwagika. Mikono ikamnyang'anya fundi pedi, ikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Folda zilizofichwa zikajitokeza: ile programu yote, na juu yake jina la marehemu.

"Kumbe ni hivyo viwili," fundi akasema. Akaichukua pedi, akaiteua folda yenye jina, akaifuta. Mikono ikajipangusa, ikarudi ndani taratibu.

Mteja akaja kuchukua mashine yake. Ikawashwa, jina la fundi likawaka. "Una kichwa wewe!" mteja akamsifu, akaondoka nayo kwapani.

Mjane hakubanduka kwenye stuli, wala hakuuliza tena. Alimtazama tu. Fundi akakaza skrubu, akaikaza tena, hadi ikakatika kichwa.

"Kaka," akasema. "Aliiandika kaka."